Uzi: Megadeth ni matatu ya mtu mmoja, hebu tuwahesabu makanga walioshushwa njiani

Besi la Kisauni:

Shwari wadau. Juzi usiku kwenye kahawa pale Mwembe Tayari tumebishana hadi muuza kahawa akaanza kutukusanyia vikombe bila kuambiwa, na sababu ni kijana mmoja alievaa fulana ya Megadeth. Nikamuuliza mwanangu, kwenye hio bendi wampenda nani? Akanambia Kiko Loureiro. Nikamwambia sawa, na kabla yake? Akanambia kwani kulikua na mtu kabla yake? Sikulala wallahi.

Kwa hivyo huu uzi ni wake, anisome akitaka, asipotaka pia poa.

Kwanza nijieleze, maana najua mtaniuliza mimi ni nani. Sijasomea muziki mahali popote. Nimepiga besi kwenye bendi za hoteli miaka sita, sa hii natengeneza spika na amplifaya. Metali, ile roki nzito ya magitaa, niliingia kwa ajili ya mjomba wangu alikua baharia, meli ikitia nanga Kilindini lazima aje na kaseti za watu aliosafiri nao, nyingi rege na za Kihindi, alafu siku moja mwaka 1994 ikatoka moja ina picha ya fuvu limebanwa macho kwa bati na mdomo umefungwa kwa vyuma. Bibi akaitizama akasema hii hailali ndani ya nyumba yangu. Ilikua Rust in Peace, albamu ya Megadeth. Ikawa yalala jikoni uani, juu ya debe la unga, na redio ikawa huko huko.

Sasa kama mwaijua, wimbo wa kwanza ni Holy Wars, yaenda kasi kama ndugu yake amelazwa hospitali, kisha ghafla kelele zote zakatika na gitaa kavu labaki peke yake, lapita kwa njia ambayo mtu wa Mombasa hawezi kuikosea, ni kama mpiga udi anaitafuta maqamu kabla waimbaji hawajakaa sawa. Bibi alikua juu ya mbuzi anakuna nazi. Akasimama. Akauliza, "Nani huyo apiga?" Nikamwambia mzungu. Akangoja kidogo ameshika kifuu mkononi, mara dramu na magitaa yakarudi yote kwa pamoja, akasema, "Ah, ameharibu," akaendelea na nazi yake.

Yule mpigaji ni Marty Friedman, tutamfikia. Ila kabla sijaanza mjue msimamo wangu: Megadeth ni matatu. Gari la Dave Mustaine, alieianzisha bendi, dereva Dave Mustaine, njia aichagua Dave Mustaine, na waliobaki wote, wazuri kwa wabaya, ni makanga na madeiwaka, yaani vibarua wa kushikilia kwa muda. Ukishaelewa hivyo hutasumbuka tena kuuliza kikosi gani ndio cha ukweli. Wauliza tu ni makanga yupi alifanya safari ikawa tamu.

Besi la Kisauni:

Na msiseme nimelazimisha mfano, kisa chenyewe kinaanza kwenye basi. Mustaine alikua mpiga gitaa la solo wa bendi ya Metallica tangu 1982. Aprili 1983 wamevuka Marekani nzima hadi New York kwenda kurekodi albamu ya kwanza, tarehe 11 asubuhi wanamuamsha, hangova bado iko kichwani, wanamwambia wewe umetoka. Akauliza ndege yangu ni saa ngapi. Wakampa tikiti ya basi la Greyhound. Kutoka New York hadi California! Siku nne hivi. Sisi hapa Mombasa Nairobi usiku mmoja tu mtu ashuka Mwembe Tayari magoti hayakunjuki.

Tuseme haki lakini, alikua mlevi na mgomvi. Wote walikua walevi, ila wenzake pombe yawafanya wacheke na yeye yamfanya apigane. Hilo hata yeye halikatai. Linalomuuma hadi leo ni kwamba hakupewa onyo wala nafasi ya pili, na nafasi yake ilikua ishajazwa, Kirk Hammett wa Exodus ameshaitwa.

Ndani ya lile basi akaokota karatasi ya mwanasiasa mmoja, seneta Alan Cranston, inazungumzia silaha za nyuklia, na humo mna neno la kuhesabia maiti za vita, yaani watu milioni moja wakifa hio ni megadeath moja. Akaitoa herufi moja, akawa na jina. Kwa hivyo ukiona mtu ana hasira miaka arubaini jua alikua na siku nne za kuipika bila mtu wa kuzungumza nae.

Deiwaka wa Bamburi:

Swali mzee, hizo nyimbo alizokua ametunga Metallica walizitupa ama walizipiga?

Besi la Kisauni:

Walizipiga bwana, ndio maana kidonda hakifungi. Hio albamu yao ya kwanza, Kill 'Em All, ilipotoka Julai 1983 jina lake lilikua kwenye nyimbo nne. Mmoja wao ulikua unaitwa The Mechanix, wao wakaubadilisha maneno na kuupunguza mwendo ukawa The Four Horsemen, yeye akaurudisha kwenye albamu yake ya kwanza na kuukimbiza mara mbili, kama kusema haya sasa tuone nani mwenye gari.

Besi la Kisauni:

Makanga wa kwanza. Mustaine amerudi Los Angeles, kapanga chumba, na chini yake wamehamia vijana wamekuja kutoka Minnesota, mmoja ni mtoto wa shamba wa miaka 18 anaitwa David Ellefson. Asubuhi moja Ellefson anafanya mazoezi ya besi, na juu kuna mtu kichwa chamuuma. Mustaine akapiga kelele nyamaza, wapi, akaokota chungu cha maua akakirusha chini. Baadae wale vijana wakapanda juu kuuliza sigara zauzwa wapi, akawafungia mlango, wakarudi tena na wazo bora zaidi, bia, mlango ukafunguka. Hivyo ndivyo mtu alivyopata kazi ya miaka karibu ishirini. Mimi nimefanya intavyuu za kazi ngumu kuliko hio.

1984 hawana mpiga solo, Kerry King wa Slayer akaja kupiga deiwaka maonyesho machache kule kaskazini mwa California, akarudi kwake. Kisha wakaingia wawili ambao kwangu mimi ndio siri ya bendi ile ya mwanzo, Gar Samuelson kwenye dramu na Chris Poland kwenye solo. Hawa si watu wa metali. Ni watu wa jazi! Skiza dramu za Samuelson kwenye Peace Sells, haziendi kama gari moshi, zayumba kidogo kama mwanamke amebeba ndoo ya maji kichwani na haimwagiki hata tone. Bendi nyingi za threshi, yaani metali ya mbio, wakati ule zilikua kasi tu, hawa walikua na kasi na kiuno.

Albamu ya kwanza, Killing Is My Business ya 1985, walipewa dola 8,000 na karibu nusu ikaishia kwa dawa, pombe na chakula, wakamfukuza prodyusa wakamalizia wenyewe. Kama fundi nawaambia yaskika hivyo hivyo, ni sauti ya spika yenye koni imepasuka na mwenyewe ameibandika kwa karatasi. Naipenda. Ya pili ndio Peace Sells ya 1986, kampuni kubwa, pesa zaidi, na ule mwanzo wake wa besi MTV wakauchukua kuufanya mlio wa taarifa zao za habari miaka na miaka. Mtu alierushiwa chungu cha maua, besi yake ikawa yafungua habari Marekani nzima.

Lakini heroini ilishaingia ndani ya gari, hadi kwa dereva mwenyewe. 1987 Samuelson na Poland wakashushwa wote wawili.

Hapa niwape yangu kidogo. Ile bendi yangu ya mwisho, hoteli moja upande wa Mtwapa siitaji, mwenye kinanda ndio alikua mwenye vyombo na mwenye mkataba. Siku ya Ijumaa tumemaliza seti ya kwanza, wageni wanakula, akaniita nyuma karibu na mapipa ya jikoni akanambia kuanzia kesho kinanda chake kipya kina besi ndani yake, abonyeza tu kidole. Sikuchukia kufukuzwa, nlichukia kwamba seti ya pili alinambia nikapige bado. Nikapiga. Kisha nikapanda matatu saa sita usiku na gitaa mapajani, makanga akanitoza nauli ya watu wawili. Kwa hivyo mnaponiskia namtetea huyu Mustaine na kumlaumu kwa pumzi moja msinishangae.

Baharia Mstaafu:

Kijana umeandika vizuri lakini haya mambo si ya wazungu pekee. Sie tumeyaona hapa. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walikua na Simba Wanyika, 1978 wapigaji wakatoka wakaanzisha Les Wanyika, Issa Juma nae akaja na Super Wanyika yake. Mbona hao wako waliofukuzwa hawakufanya hivyo?

Besi la Kisauni:

Mzee hapo umenigusa. Huku kwetu jina lagawanywa kama shamba la urithi, kila mtu achukua mnazi wake, leo tuna Wanyika hii na Wanyika ile na zote tamu. Kule jina lina mwenyewe na mawakili. Hakuna Super Megadeth. Aliyeshuka alishuka na begi lake tu, na ndio maana vikosi vya hii bendi vimebadilika mara zote hizo na bado kwenye duka ni rafu moja.

Besi la Kisauni:

Tuendelee, stima zilipotea. Sasa hapa ndio pale mfano wangu wa matatu unakua si mfano tena.

Samuelson alikua na fundi wake wa kumtengenezea dramu jukwaani, Chuck Behler. Samuelson aliposhushwa, Behler akakalia kiti. Behler nae akawa na fundi wake, kijana Nick Menza. 1989 Behler kashushwa, Menza kakalia kiti. Yaani makanga afundisha makanga, na yule abebae vyuma nyuma ndie kesho ashika usukani wa dramu. Kwenye solo ndio vichekesho zaidi: walikua wamempata mtu wa bendi ya Malice, Jay Reynolds, yeye akamleta mwalimu wake Jeff Young aje amsaidie kwa zile solo ngumu, wakamskia mwalimu, mwanafunzi akaenda nyumbani. Ukiwa na kazi usiwaite watu waje waone ufanyavyo kazi.

Kikosi hicho cha Behler na Young kina albamu moja tu, So Far, So Good... So What! ya Januari 1988. Sauti yake imepwaya, lakini ina In My Darkest Hour, ambayo muziki wake Mustaine aliuandika baada ya kuskia Cliff Burton wa Metallica amekufa. Burton alikufa Septemba 1986 kule Uswidi, basi lao lilipinduka. Tena basi.

Young akaenda. Wakatafuta. Dimebag Darrell wa Pantera alipewa nafasi, akasema naja lakini na ndugu yangu Vinnie apige dramu, wakamwambia dramu ishachukuliwa na Menza, akasema basi kaeni nayo. Fikiria hilo neno moja, "naja na ndugu yangu", bila hilo neno hakuna Pantera tunayoijua. Mwishowe mapema 1990 akaja Marty Friedman, alikua bendi ya Cacophony na Jason Becker.

Mustaine, Ellefson, Friedman, Menza. Rust in Peace ilitoka Septemba 24, 1990. Julai 1992 ikaja Countdown to Extinction ikafika nambari mbili Marekani, na aliewazuia nambari moja ni Billy Ray Cyrus, babake Miley, mwimbaji wa kantri mwenye nywele za nyuma ndefu. Mimi nikikumbuka hilo hucheka peke yangu kazini.

Uzuri wa Friedman nauelezea hivi. Wapiga solo wengi wa metali wajua ngazi moja mbili wapanda na kushuka haraka. Friedman alikua apitia njia za mashariki, za Kijapani, za Kiarabu, na hapigi noti pale unapoitarajia, aanzia chini yake kidogo kisha aivuta hadi ifike, vile mwimbaji wa taarabu aivuta sauti. Bibi hakukosea. Na chini yake Menza, babake ni Don Menza mpiga saksofoni wa jazi, ila mtoto hakuipiga ile jazi ya kuyumba ya Samuelson, yeye alikua mzito, mnyoofu, kila pigo limekaa mahali pake.

Mtoto wa Tudor:

Menza alikua apiga kama fundi wa mabati. Mimi ni timu Samuelson hadi kaburini. Skiza Good Mourning/Black Friday kisha urudi hapa utuombe radhi.

Besi la Kisauni:

Wewe na mimi tukutane Mwembe Tayari, kahawa juu yako. Sikatai Samuelson ndie mpigaji bora kati ya wote waliopita, nimeshasema ndoo haimwagiki. Lakini na Friedman juu yake gari lingekua na makanga wawili wote wanacheza mlangoni na hakuna wa kukusanya nauli. Yule mnyoofu ndie alimpa Friedman nafasi ya kupinda.

Mama Kaimati:

Mimi sijui hata hao ni nani, nimefuata kaseti ya bibi. Endelea tafadhali.

Besi la Kisauni:

Ahsante mama, uko mahali pako.

Kikosi kile kilikaa miaka minane na albamu nne, kwa Mustaine hio ni ndoa. 1998 Menza akapatikana na uvimbe kwenye goti, katikati ya ziara, akaenda kupasuliwa, wakaweka Jimmy DeGrasso kwa muda. Uvimbe ukaonekana si saratani, alhamdulillahi, na akiwa bado hospitali, Menza mwenyewe ndie aliesimulia, simu ikalia, Mustaine, huduma zako hatuzihitaji tena. Simu! Mtu alieshushwa kwa kuamshwa asubuhi, ambae amelia kwenye intavyuu kwa sababu hakupewa nafasi ya pili, amempigia simu mgonjwa kitandani. Hapa ndipo mimi na huyu jamaa tunapogombana. Yule mwenye kinanda wangu angalau alinitizama usoni.

Kisha wakatoa Risk 1999. Sitaki kuizungumzia. Walitaka redio, redio haikuwataka. Januari 2000 Friedman akashuka mwenyewe, ashachoka na metali, baadae akahamia Japani akawa mtu wa televisheni kule, anaongea Kijapani kama amezaliwa nacho. Akaingia Al Pitrelli, albamu moja ya 2001.

Alafu mkono. Januari 2002 Mustaine alilala kitini mkono wa kushoto umening'inia nyuma ya kiti, alipoamka mshipa wa fahamu umebanwa, vidole havikamati hata nyuzi. Aprili akatangaza Megadeth imekwisha. Kila mtu hapa ashawahi kuamka mkono umekufa ganzi ukaubeba kwa mkono mwingine kama wa mtu baki, sasa fikiria haurudi dakika mbili, haurudi miezi. Alianza kujifunza gitaa upya kama mtoto.

Miaka ya kurudi naipitia mbio kwa sababu kusema kweli mimi hapo nilikua nimeshaacha kuifuata kwa karibu. The System Has Failed ya 2004 hata haina bendi, ina madeiwaka: Poland wa zamani karudi kupiga solo kama kibarua, dramu Vinnie Colaiuta ambae ni gwiji wa jazi, besi Jimmie Sloas. Ellefson hakuitwa kwa makubaliano aliyoyataka, akashtaki adai dola milioni 18.5, kesi ikatupwa. Wakaja ndugu wawili wa Kanada, Glen na Shawn Drover, kwa hivyo yale ya "naja na ndugu yangu" mwishowe yaliwezekana ila si kwa Dimebag. James LoMenzo besi 2006. Chris Broderick solo 2008. Na 2010 mlango wafunguliwa ni nani, ni mtoto wa shamba Ellefson, amerudi.

Deiwaka wa Bamburi:

Usimpitie Broderick mbio hivyo mzee! Endgame ya 2009 ni albamu kali kuliko kitu chochote walichofanya baada ya 1994. Jamaa ana vidole sita.

Besi la Kisauni:

Endgame nakupa. Broderick ni fundi, kila kitu chaskika, hakosei. Ila mimi sijawahi kumaliza solo yake nikataka kuirudisha nyuma nione amepitaje. Labda ni umri wangu. Alafu yeye na Shawn Drover walishuka siku moja, Novemba 2014, kila mmoja na taarifa yake, wameteremka pamoja stage moja na gari likaondoka mlango wazi.

2015 ndio anaingia huyu Kiko Loureiro wa kijana wangu wa kahawa, Mbrazil, alikua bendi ya Angra. Dramu za albamu ya Dystopia akapiga Chris Adler wa Lamb of God, deiwaka tena, kisha Mbelgiji Dirk Verbeuren wa Soilwork akachukua kiti 2016 na amekaa. Wimbo wenye jina hilo hilo la Dystopia ukawapa Grammy ya kwanza, Februari 2017, baada ya kuteuliwa na kukosa miaka na miaka. Na wanapopanda jukwaani kuichukua, bendi ya ukumbini yawapigia nini? Master of Puppets. Ya Metallica. Mungu amuhifadhi yule jamaa, kama ni mimi ningeliirusha ile Grammy kama chungu cha maua.

Ila kabla ya hapo, Mei 21, 2016, Nick Menza alikufa. Alikua jukwaani, klabu ndogo ya jazi Los Angeles yaitwa Baked Potato, moyo ulisimama katikati ya onyesho, miaka 51. Na bendi aliyokua akipiga nayo usiku ule ni OHM. Bendi ya nani? Ya Chris Poland. Makanga wawili wa nyakati tofauti, wote walishushwa na dereva mmoja, wapatana kwenye klabu ya watu wachache wapiga jazi, ile ile iliotolewa kwenye gari 1987. Samuelson alikua ashatangulia tangu 1999. Hii sehemu nikiieleza kwenye kahawa watu hunyamaza.

Baharia Mstaafu:

Inna lillahi. Huyo wa kufia kwenye kazi yake ameondoka na heshima.

Mtoto wa Tudor:

Timu Samuelson inatoa pole kwa timu fundi mabati. Sikujua hio.

Besi la Kisauni:

Pole imepokelewa.

Za mwisho mwisho: 2019 Mustaine akapata saratani ya koo, akatibiwa, akarudi. 2021 Ellefson akafukuzwa tena na hapo mlango ulifungwa kabisa, hata besi aliyokua amerekodi ikafutwa na Steve Di Giorgio akaipiga upya, albamu ikatoka 2022. LoMenzo karudi kwenye besi. 2023 Kiko akasema ataka kukaa na wanawe, nafasi akachukua Teemu Mäntysaari wa Ufini. Agosti 2025 Mustaine akatangaza kwamba apaki gari, albamu ya mwisho na ziara ya kuaga, albamu ikatoka Januari 2026 jina Megadeth tu, na ndani yake ameupiga Ride the Lightning, wimbo wa Metallica wa 1984 ambao jina lake limo tangu siku ile kati ya watunzi. Ati amefunga duara. Mimi naona ni mtu amerudi stendi aliyoteremshiwa kuangalia kama begi lake bado lipo.

Jumla, kwenye albamu zote 17, wapiga solo wanane tofauti na wapiga dramu wanane. Kijana wa fulana, Kiko wako ni mzuri, simkatai, ni wa saba.

Mama Kaimati:

Na kaseti? Ile ya jikoni iko wapi?

Besi la Kisauni:

Mama wewe ndio msomaji wangu. Kaseti niko nayo, haichezi. Kwenye upande wa pili kuna wimbo Tornado of Souls, redio ya bibi iliutafuna pale pale solo inapoanza, nikatoa utepe wote juu ya meza, nikaupiga pasi kwa kucha, nikaurudisha kwa kalamu ya Bic, nikakata kipande kilichokunjamana nikaunga kwa selotepu. Tangu hapo Friedman alikua aanza solo, noti nne tano, kisha chwip, yuko mwisho wa wimbo. Nikaizoea hivyo. Nlipokua nikiupiga mwenyewe nlikua naupiga na ile chwip.

Miaka kumi. 2004 kwenye saiba moja mjini, kijana wa pale amepakua nyimbo kwenye kompyuta zake, naona jina, nikavaa hedifoni. Ikafika mahali pake na haikukatika. Sasa Friedman amewahi kusimulia, siku aliyoirekodi ile solo Mustaine aliingia studio, akaiskiza mwanzo hadi mwisho, hakusema neno, akampa mkono akageuka akatoka. Yule yule wa kupiga simu hospitali. Hilo nilikuja kulisoma baadae sana, siku ile sikulijua, nawaapia. Nilivua hedifoni, nikaenda hadi kwenye dawati la yule kijana, nikanyosha mkono.

Akanitilia shilingi ishirini, chenji yangu.